Nani Alimpenda Nani Pale Nouvion?

Siku Arsenal ikifungwa, kwa kinyozi wangu pale Kisenyi, Kampala, hakuna anayetaka kusikia habari za mpira. Flashi huchomekwa nyuma ya televisheni na mabishano huhamia kwenye mkahawa wa René, ule wa vichekesho vya 'Allo 'Allo!. Wateja wanaosubiri zamu wameshagawanyika: kuna chama cha Edith, mke wa René, kuna chama cha Yvette, mhudumu wake, na kuna mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, ambaye hana chama ila hucheka mahali ambapo wengine wote wamenyamaza. Nitamrudia.

Kwa ambaye hajaiona, 'Allo 'Allo! ni vichekesho vya BBC vilivyoandikwa na David Croft na Jeremy Lloyd. Sehemu ya majaribio ilionyeshwa tarehe 30 Desemba 1982, mfululizo wenyewe ukaanza mwaka 1984 na kumalizika Desemba 1992, misimu tisa, sehemu 85. Mambo yanatokea Nouvion, mji mdogo wa Ufaransa uliotekwa na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. René Artois, anayeigizwa na Gorden Kaye, ana mkahawa. Chini wanakunywa maofisa wa Kijerumani, juu wamefichwa marubani wawili wa Kiingereza, picha ya thamani imefichwa ndani ya soseji, na René haishi kufumaniwa na Edith akiwa amemkumbatia mmoja wa wahudumu, Yvette au Maria.

Hayo mafumanizi ndiyo yanayowavuruga watu vichwa. Sisi huku tumelelewa na tamthilia za Mexico na Ufilipino, ambamo jicho likimkalia mtu kidogo tu kuliko kawaida, ujue harusi inakuja, hata kama ni baada ya sehemu mia moja. Mtu akizoea hivyo, akifika Nouvion anaanza kusoma macho. Nani kamtazama nani, nani kavuta pumzi, nani kakunja kitambaa cha meza kwa huzuni. Mimi nashikilia kwamba kule Nouvion macho hayasemi kitu. Anayetaka kujua nani ataishia na nani, aulize mkahawa ni wa nani. Hizi hapa dhana za pale kwa kinyozi, moja moja.

"René na Edith ni mume na mke, mengine ni utani"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na imeshanila rolex kadhaa, zile chapati za mayai, kwa kuwekeana dau na watu wasiokubali kushindwa.

Walikuwa mume na mke, ndiyo, lakini msimu wa kwanza tu. René alishikwa, akahukumiwa kupigwa risasi kwa kosa la kulipua daraja la reli. Risasi zikabadilishwa zikawa za uongo, mwamba akaanguka, akahesabiwa kuwa maiti. Tangu siku hiyo ikabidi ajitokeze mjini kama pacha wa marehemu, ambaye kwa bahati njema na yeye anaitwa René. Kwa hiyo kwa hesabu za serikali Edith ni mjane, na mkahawa umemwangukia yeye. René, kwa hesabu hizo hizo, ni shemeji anayekula na kulala bure.

Hapo ndipo kila kabila la Uganda linapoingia na sheria zake. Nilipomsimulia shangazi yangu kule Bombo, ambaye ni Mnubi wa kuswali swala tano, swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Na eda yake je?" Miezi minne na siku kumi, Edith alipaswa kutulia ndani. Ikabidi nimwambie kwamba siku hizo alikuwa chini mkahawani, amesimama mbele ya wateja, anaimba. Shangazi aliguna, na mguno wa shangazi yangu ni hotuba nzima.

Jirani yake, mama wa Kiganda, yeye alitaka kujua huyo pacha ni Waswa au ni Kato. Swali halali kabisa. Kwa Waganda pacha wa kiume wa kwanza ni Waswa na wa pili ni Kato, baba yao hubadilika jina akawa Ssalongo na mama Nnalongo, na mtaa mzima unajua. Pacha haibuki tu ukubwani, na nywele zimeshaanza kukonda, akasema mimi ni ndugu yake marehemu mlikuwa hamnijui. Kampala uongo huo usingefika saa sita mchana.

Dhana yenyewe, hata hivyo, nadhani imeota pale kwa kinyozi kwa sababu ya vijana wa kaskazini. Kwao, na katika jamii nyingine kadhaa za nchi hii, ilikuwa desturi ndugu wa marehemu kumrithi mjane. Kwa hiyo wao wakiona "pacha" anaendelea kulala nyumba ile ile, wanasema basi, kamrithi, yamekwisha, turudi kwenye soseji. Hayajaisha hata kidogo. Katika kisa hiki mjane harithiwi, na mwenye kuamua ni yeye. Akikubali kuolewa tena na huyo "pacha", René anarudi kwenye mali yake. Akimkubali mwingine, René anabeba begi. Na mwingine yupo: Monsieur Alfonse, mzika maiti wa mji, mzee mwenye pesa na moyo mbovu unaomtisha kila akisisimka. Kenneth Connor alimwigiza kwa namna ambayo hujui umwonee huruma au ufiche mkoba. Alfonse anamtaka Edith, na wala mkahawa haumchukizi.

Tazama tena sehemu yoyote ukiwa na hilo kichwani. René akifumaniwa, anamgeukia Edith na kumwambia, "Mwanamke mjinga wewe!" kisha anatunga sababu ya kumkumbatia msichana wa watu. Wengi husikia mume anayemtukana mke. Mimi nasikia mpangaji anayemtukana mwenye nyumba, na mwenye nyumba anamalizia kwa kuomba radhi. Kichekesho kizima kimekaa hapo.

"Edith haoni kitu"

Anaona kila kitu, na ndiyo maana anaingia kila mara kwa wakati ule ule. Asichofanya ni kuendelea na swali baada ya kupewa jibu. Hili ni la maoni yangu, wala simlazimishi mtu. Lakini Carmen Silvera, aliyemwigiza, ana namna ya kusita kidogo kabla ya kusema "Ah, René" ambayo kwangu si ya mjinga. Mwanamke mwenye mkahawa, mwenye mchumba tajiri mlangoni, anayesikiliza uongo ule ule kwa miaka na kuupokea, huyo ana sababu zake. Chama cha Yvette kwa kinyozi hakikubali. Sawa.

"Hiyo pembetatu waliitunga Croft na Lloyd"

Hapa naomba nikae kidogo, maana wabishi wengi wa mapenzi ya Nouvion hawajui wanabishania mzaha wa kitu kingine.

Kabla ya 'Allo 'Allo!, BBC ilikuwa na tamthilia ya vita isiyo na kicheko hata kimoja, Secret Army, iliyoonyeshwa kuanzia 1977 hadi 1979. Ilikuwa Brussels, Ubelgiji. Albert Foiret ana mgahawa unaopendwa na maofisa wa Kijerumani, na papo hapo anawasaidia marubani wa Kiingereza kutoroka. Juu ghorofani amelala mke wake Andrée, mgonjwa asiyetoka kitandani, anayeteswa na wivu. Chini yuko hawara yake, Monique, ambaye huwaimbia wateja. Mambo ya kutoa machozi kabisa.

Croft na Lloyd walichukua nyumba ile ile wakaigeuza juu chini. Mgonjwa wa ghorofani akawa mama mkwe, Madame Fanny, ambaye kitanda chake kinaficha redio ya kuzungumza na London, na anayegonga sakafu kwa bakora kila akitaka kitu. Hawara mmoja mwenye majonzi akagawanywa akawa wahudumu wawili, kila mmoja akijiona ndiye peke yake. Na uimbaji mtamu wa Monique akapewa mke, Edith, asiyejua kuimba kabisa, mpaka wateja wanajiziba masikio kwa vipande vya jibini. Kuna hata waigizaji waliopita kwenye zote mbili: Richard Marner, ambaye huku ni Kanali von Strohm, Guy Siner ambaye ni Luteni Gruber, na Hilary Minster ambaye ni Jenerali.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Angalia, Edith anaimba kwa uchungu kwa sababu anajua René ana mwingine," namwambia hapana, kaka. Anaimba vibaya kwa sababu miaka michache kabla yake kuna mtu aliimba vizuri. Watazamaji wa Uingereza wa wakati ule walikuwa na kumbukumbu hiyo bado mbichi. Sisi flashi imetufikia bila ile ya kwanza, tukabaki na jibu bila swali, ndipo kila mtu akatunga swali lake.

"Yvette anampenda Kanali"

Hapana. Kanali analeta sukari, petroli na vibali, naye hupandishwa ghorofani pamoja na seleri mbichi na kofia ya rubani, ambavyo matumizi yake hatujawahi kuonyeshwa. Nilishamwambia shangazi kwamba seleri ni ya supu.

Nilipata kufikiri hilo liko wazi kwa kila mtu mpaka nilipowasikia vijana wawili wakisema Yvette na Kanali "wana historia". Ndipo yule mzee wa malori, aliyekuwa amefungwa kitambaa shingoni na povu shavuni, akacheka. Yeye kwenye miaka ya 1970 aliendesha lori kati ya Kampala na Mombasa, na anasema aliijua mikahawa ya njiani ambayo wapelelezi wa Amin wenye miwani myeusi waliingia bila kuulizwa watalipa lini. Mwenye mkahawa alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Wasichana nao walitabasamu. "Sasa wewe ungesema wamependana?" akauliza, na kinyozi akamwomba asitikise kichwa.

Tangu hapo nimejua anacheka wapi. Anacheka René anapomwaga mvinyo mzuri huku anasifia sare ya mgeni. Anacheka mlango unapofunguliwa na kila aliye ndani anabadilika sura kwa mpigo mmoja. Vijana wanasubiri busu, yeye anatazama mikono ya mwenye mkahawa. Sikubaliani naye kila jambo, kwa mfano anadai Wajerumani wa Nouvion ni wapole mno kwa watu wenye bunduki, na nadhani hilo ni sharti la kichekesho chochote cha vita. Lakini juu ya Yvette na Kanali ana haki. Msichana akimpapasa ofisa ndevu wakati marubani wamefichwa juu ya kichwa chake, yuko kazini.

"Michelle wa wapiganaji wa siri alikuwa mpenzi wa René"

Hii najua ilikotoka. Kuna kibanda cha video nilichokuwa nakwenda zamani ambako VJ, yaani mtafsiri anayeongea juu ya picha, alikuwa akizitafsiri sehemu hizi kwa Kiganda, na pale asipoelewa alijaza. VJ mzuri ni fundi wa aina yake. Nimewahi kuona watu wakilipa kwa ajili ya sauti yake, sinema yenyewe hawaitaki. Lakini yule wa siku ile aliamua kwamba mwanamke anayeingia kwa dirisha, amevaa koti la mvua na kofia ya berethi, anaongea kwa mnong'ono na kutoweka, lazima awe mke mdogo. Akampa maneno ya mke mdogo, akaongeza na habari ya kodi ya nyumba. Kibanda kilivunjika kwa vicheko.

Michelle mwenyewe hana nafasi hiyo. Anakuja na mpango wa kuwatorosha marubani, anasema wasikilize kwa makini kwa maana atasema mara moja tu, mpango unaharibika, anakuja na mwingine.

"Helga atampata Herr Flick mwishowe"

Herr Flick wa Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, mwenye koti la ngozi na mguu wa kuchechemea, humpa Helga, msaidizi wa Kanali, ruhusa ya kumbusu kama karani anayegonga muhuri. Watu wengi walimwekea Helga matumaini hapo, kwa sababu kila wakikaa pamoja kamera huwasogelea taratibu na wao huzungumza kama walio kwenye sinema ya mapenzi. Tena huo ni mzaha. Mapenzi yao ni ya kijeshi, na amri moja ikitoka kila mtu anakaa sawa.

Alipomaliza kazi yake Richard Gibson, aliyemwigiza Flick, msimu wa tisa akaingia David Janson, na hadithi ikasema Flick amefanyiwa upasuaji wa sura. Kwa kinyozi kuna nadharia kwamba alibadili sura ili Helga asimtambue, kumjaribu kama anampenda kwa roho. Nadharia tamu. Ukweli ni kwamba mwigizaji alibadilika, na waandishi wakatafuta kisingizio kitakachochekesha.

Helga aliishia wapi? Aliolewa na Gruber. Ndiyo, Luteni Gruber, yule wa kifaru kidogo, ambaye kwa misimu tisa alikaa kaunta akimtazama René kwa macho ya unyevunyevu na kumuuliza kama angependa kuja kutazama mkusanyo wake wa picha, na René akirudi nyuma mpaka mgongo unagonga chupa. Hapa kwetu likifika jambo hilo watu wa rika la shangazi huanza kukohoa, na vijana hutazama simu. Waandishi nao hawakulisema kwa uwazi. Waliliacha lielee kwenye maneno yenye sura mbili, na Siner akaliigiza kwa upole ambao umemfanya Gruber kuwa mhusika anayependwa na watu wa kila namna. Sehemu ya mwisho, miaka mingi baada ya vita, anarudi Nouvion akiwa mfanyabiashara wa sanaa, na ubavuni yuko Helga, mkewe. Kama ulisoma macho yake kwa misimu tisa, ulikuwa na uhakika wa kila kitu isipokuwa hilo.

"Kila dalili ilipangwa tangu mwanzo"

Mashabiki wa mapenzi wanapenda kuamini kwamba mwandishi ana daftari, na kwamba Maria alipotoweka msimu wa tatu ulipokwisha, alitolewa ili Yvette abaki peke yake. Maria alitoweka kwa sababu Francesca Gonshaw, aliyemwigiza, aliacha. Na Yvette hakubaki peke yake, maana msimu wa nne ukamleta mhudumu mpya, Mimi Labonq, mfupi, mkali, aliyetamani kuua Wajerumani na kumkumbatia René, sijui kipi kwanza.

Mapenzi ya wazee nayo ni hivyo hivyo. Madame Fanny alikuwa na mpenzi wake wa tangu ujana, Leclerc, mzee anayeingia kila mara amejibadili mavazi na kumnong'oneza René kwamba ni yeye. Jack Haig, aliyemwigiza, alifariki mwaka 1989. Hadithi ikamleta nduguye, Ernest, akaigizwa na Derek Royle. Royle naye akafariki mwaka 1990, Robin Parkinson akashika nafasi. Fanny akaolewa na Ernest. Kuna msichana mmoja saluni ya jirani aliyenieleza kwa machozi kwamba Fanny alikuwa akimpenda Ernest kwa siri maisha yake yote. Sikumwambia kitu. Ila huyo Ernest alizaliwa kwa sababu ya msiba.

Na René mwenyewe nusura asirudi. Tarehe 25 Januari 1990 dhoruba kali ilipiga Uingereza, kipande cha ubao kikapasua kioo cha gari la Gorden Kaye na kumjeruhi vibaya kichwani. Msimu wa sita ulikuwa umeshaonyeshwa mwaka 1989, wa saba ukaja 1991. Anayetafuta kwa nini mahaba ya René na Yvette yalipoa katikati, aanzie hospitalini.

Pesa nayo isisahauliwe. Msimu wa tano una sehemu 26, wakati misimu iliyozunguka hapo ina chache chache tu. Ulitengenezwa mrefu hivyo kwa kuwinda soko la televisheni za Marekani. Katika sehemu 26 huwezi kumwoza mtu. Ukimwoza, kesho atafumaniwa na nani?

"Miaka yote hiyo pamoja, lazima walipendana"

Hesabu kwanza. Paris ilikombolewa Agosti 1944, na Wajerumani walikuwa wameingia Juni 1940. Miaka minne. Mfululizo, ukihesabu na sehemu ya majaribio, ulichukua miaka kumi. Yaani watazamaji wamekaa na René na Yvette zaidi ya mara mbili ya muda ambao wao wenyewe walikaa kwenye vita hiyo, na mazoea hayo ni yetu sisi, wao hawana habari.

Wamarekani waliwahi kufika mbali zaidi. M*A*S*H, vichekesho vya madaktari wa jeshi katika vita vya Korea, ilionyeshwa kuanzia Septemba 1972 hadi Februari 1983, misimu 11, kwa vita iliyoanza Juni 1950 na kusimama Julai 1953. Kwa misimu hiyo yote watu waliwasubiri daktari Hawkeye na muuguzi Margaret. Mwaka 1977 wawili hao walinaswa usiku kwenye kibanda huku mizinga inalia, wakashikana, asubuhi wakashindwa kutazamana vizuri. Sehemu ya mwisho walibusiana kwa muda mrefu mbele ya wenzao, kisha kila mmoja akashika njia yake. Aliyeoa ni Klinger, aliyehangaika misimu yote kutafuta njia ya kurudishwa kwao, akaamua kubaki Korea na Soon-Lee, msichana ambaye watazamaji walikuwa wamemfahamu kwa sehemu mbili tu. Hakuna kinyozi duniani aliyeweka dau juu ya Klinger.

"Kaye na Silvera walikuwa wapenzi nje ya kamera"

Hawakuwa. Gorden Kaye alisema mwenyewe hadharani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwamba alivutiwa na wanaume. Mtu huyo aliwakumbatia wahudumu mbele ya kamera kwa miaka kumi, na nusu ya dunia ikaamini hawezi kuona sketi akatulia. Hiyo inaitwa kazi. Silvera alifariki mwaka 2002, Kaye mwaka 2017.

Sehemu ya mwisho niliitazama Bombo, shangazi akiwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele, akijifanya hatazami. Vita imekwisha, watu wamezeeka, picha iliyotafutwa misimu yote imepatikana kwenye sanamu ya René. Kisha René, mvi kichwani, anaondoka na Yvette. Kweli anaondoka. Ahadi aliyokuwa akimpa kila wiki, kwamba siku moja watatoroka wawili, ameitimiza baada ya miaka yote hiyo. Nikajua chama cha Yvette kwa kinyozi kitanila nyama Jumatatu.

Shangazi akanyanyua kichwa kutoka kwenye ungo.

"Na mkahawa kabaki na nani?"

"Mkahawa ni wa Edith, shangazi. Tangu siku ile ya risasi."

"Na yule mzika maiti mwenye pesa?"

"Alimtaka muda wote."

Akatoa punje moja nyeusi, akaitupa uani. "Eda ilishapita," akasema, akaendelea kuchambua.